Bibi Yangu Alilala Majini

Kwa kumbukumbu za serikali, bibi yangu mzaa mama alikuwa hajapata kuwapo. Ameishi kwenye kitongoji chetu kando ya Ruvuma tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Amelima pale, amezaa pale, amemzika mumewe pale, na amegombana na kila mwenyekiti wa kitongoji aliyewahi kushika mhuri. Lakini sensa zote zilimpita. Sisi wengine wote katika ukoo tumo kwenye makaratasi, hata mjomba wangu ambaye kazi yake kubwa hapa duniani ni usingizi.

Hakupitwa kwa bahati mbaya. Alikuwa anakimbia. Sensa ya kwanza aliyoikuta upande huu wa mto, mama anasimulia, aliingia kwenye mikoko na kikapu chake, akakaa humo mpaka maji yalipojaa yakamtoa. Iliyofuata, karani alipiga hodi, na Bibi akajibu mwenyewe kutoka ndani kwa sauti kubwa, "Hakuna ntu humu!" Karani akaandika hivyo hivyo, akaenda zake. Kisa hiki tumekicheka miaka mingi, na Bibi hukicheka kuliko sisi.

Ukimwuliza kwa nini, alikuwa na jibu moja. Kule ng'ambo ya mto, Msumbiji, wakati wa vita vya ukombozi, wakoloni waliwaondoa kwenye mashamba yao wakawaweka katika kijiji cha uzio wa waya, wakawa wanahesabiwa asubuhi na jioni. "Siku waliyotuhesabu ndiyo siku waliyotufungia," alikuwa akisema. "Kuku ndio wanahesabiwa, njukuu wangu. Kuku na mbuzi. Ntu anajulikana." Na kweli, sikuwahi kumsikia Bibi akitaja idadi ya watu. Ukimwuliza ana watoto wangapi, atakwambia wapo wa kutosha. Wajukuu? Wa kutosha. Akipika msibani haulizi watu ni wangapi, anauliza ni akina nani. Ukishamtajia, anapima unga kwa macho, na ugali wake haujawahi kupungua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Likombe, Mtwara mjini, na nina ulimi. Hilo la ulimi wanalisema wanaonijua, nami silikanushi. Sensa ya karibuni ilipokuja niliomba ukarani, nikaomba pia nipangiwe kitongoji chetu. Wenzangu waliona nimerukwa na akili. Kila mmoja alitaka Chuno au Mikindani, penye barabara na soda baridi, na mimi naomba matope. Lakini Bibi alikuwa amezeeka. Sensa huja mara moja kwa miaka kumi, na nilipopiga hesabu ya umri wake niliona hii ndiyo ya mwisho kwake. Hana cheti cha kuzaliwa, hana kitambulisho cha taifa. Kila akienda kuomba anaulizwa wazazi wake walizaliwa wapi, naye husema ukweli, basi hurudi mikono mitupu. Nilijua vizuri kwamba sensa haimpi mtu kitambulisho. Nilitaka tu awemo. Niliumia, nasema kweli, nikifikiri kwamba angekufa bila nchi hii kukiri hata mara moja kwamba aliishi ndani yake.

Kabla sijaenda kwenye mafunzo nilimfuata nyumbani. Alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na mimi nikakaa kumsaidia ili nimpate akiwa hawezi kuondoka.

"Mke mwenzangu," akaniita, maana kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza kwa utani, "umekuja kunigombania mume? Mume mwenyewe amekwisha kufa."

"Nimekuja kukuhesabu."

Akaendelea kumenya. "Wewe si unanijua?"

"Nakujua."

"Basi andika."

"Haiendi hivyo, Bibi. Wanahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia sensa. Ulale nyumbani, asubuhi nakuja, nakuuliza maswali, unanijibu. Basi. Hakuna uzio."

Bibi ana chale za zamani mashavuni, mistari iliyochorwa akiwa msichana, na akiwaza jambo mistari ile husogea. "Haya," akasema mwishowe. "Nitalala." Nilirudi Likombe nikiwa na furaha ya mjinga.

Siku ya sensa ilipofika nilivaa kizibao changu, nikabeba kishikwambi, yaani ile kompyuta ya mkononi waliyotupa, nikaongozana na mwenyekiti nyumba kwa nyumba. Nilizaliwa kwenye kitongoji kile, lakini sikuwahi kukitazama kama nilivyokitazama siku ile. Tuna kaya arobaini na kitu. Ni kitongoji kidogo, na miaka yote nilidhani ni kidogo kwa sababu watu wake wanahama tu. Kumbe kila nyumba ilikuwa na sababu yake. Nusu ya vizee wameandikisha kuzaliwa ng'ambo, kwa sababu vita viliwaleta. Amani ilipopatikana kule, wengi wakarudi, na viwanja vyao ndivyo hivi tunavyopanda mihogo. Ule upande wa mashariki, ulioitwa kwa Wamakua, umeliwa na mto. Masika moja ulikatika ukaenda, na wenye nyumba wakaenda Mtwara, hawakurudi. Habari za gesi iliyogunduliwa mkoani kwetu zilipovuma, vijana walikimbilia mjini, nyumba zikabaki na watoto na bibi zao. Gesi ilipotulia, wachache wakarudi wakiwa na simu kubwa na madeni makubwa. Halafu ng'ambo kukachafuka tena miaka hii ya karibuni, na nikakuta kwenye nyumba mbili akina mama ambao Kiswahili chao kilikuwa bado kinajifunza kutembea. Wataalamu watakwambia idadi ya watu ni uzazi na vifo. Kwetu ni mto na bunduki, na uzazi unajaza mashimo tu.

Mwenyekiti alikuwa anahesabu kwa vidole vyake mwenyewe huku tukitembea. Watu walikuwa wametangaziana kwamba kitongoji kikionekana kina watoto wengi, huenda wakajengewa darasa, ili wadogo wasivuke tope kwenda shule ya kijiji. Nani aliyewaambia, hakuna anayejua. Lakini waliamini, na nyumba zilijaa siku ile kama sikukuu. Hata vijana wanaolinda mashamba ya kisiwani, katikati ya mto, nilikuta wamerudi, wameoga, wamekaa kwenye mikeka wananisubiri.

Nyumba ya Bibi niliiweka katikati ya orodha makusudi, nisionekane nina upendeleo. Nilipiga hodi. Mjomba akatoka, peke yake, anapiga miayo.

"Shikamoo, Mjomba. Bibi yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kisiwani."

"Ameenda saa ngapi?"

"Wiki ya pili sasa." Akaona uso wangu, akarudi nyuma hatua moja. "Aliwarudisha vijana wote jana. Amesema nendeni nkahesabiwe, nyani nitawafukuza mimi."

Mwanamke wa umri ule, anayepanda dungu la kulindia mazao kwa kushikilia magoti, amewaondoa vijana wenye nguvu akabaki kulinda mahindi ya watu, ili sensa impite kwa mara nyingine. Nilisema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya wazazi wa wanafunzi. Mwenyekiti akatazama miti. Nikamaliza kaya zilizobaki kwa mwandiko wa hasira, ingawa kishikwambi hakina mwandiko, kisha nikamwambia Mjomba alete mtumbwi.

Nieleze kisiwa. Juu kidogo ya mlango wa mto, pale ambapo maji ya chumvi huanza kuchoka, Ruvuma inapanuka, na ikipungua wakati wa kiangazi inaacha ardhi nyeusi katikati yake. Watu wetu wanailima kabla haijakauka: mahindi, maboga, mchicha. Wanajenga madungu, vile vibanda vya juu ya miti vya kulindia nyani na viboko. Masika yakija kisiwa kinaondoka, na mwaka unaofuata kinatokea, lakini si lazima mahali palepale. Kuna mwaka kinakaa karibu na sisi, kuna mwaka kinakaa karibu na wenzetu. Hakuna aliyewahi kukigombania, maana nani atagombania kitu kinachotembea?

Tulipofika katikati ya maji, simu yangu ikanikaribisha Msumbiji. Nikaizima kwa hasira.

Bibi alikuwa amekaa chini ya dungu lake, amevaa kitenge kipya. Hicho ndicho kilichonisimamisha. Alikuwa amejifunga kitenge nilichompa mimi, ambacho miaka mitatu amekiweka sandukuni akisema ni cha siku ya maana. Kichwani kilemba. Pembeni yake amenitandikia mkeka, ameweka na sahani ya ming'oko iliyofunikwa.

"Shikamoo," nikasema, kwa sauti ya kugombeza.

"Marahaba, mke mwenzangu. Umechelewa. Nimekungoja tangu jua halijatoka."

"Si tulikubaliana ulale nyumbani?"

"Nilikwambia nitalala. Nimelala. Sasa niulize."

Nikakaa, nikafungua kishikwambi, nikamwonyesha. Ramani ilikuwa na alama ndogo inayoonyesha mahali nilipo. Alama ile ilikuwa ndani ya rangi ya buluu. Eneo langu la kuhesabia liliishia ukingoni, na sisi tulikuwa mbali na ukingo. "Unaona? Hapa hapapo, Bibi. Kwa ramani ya serikali, hapa ni maji. Umelala majini. Siwezi kumhesabu mtu aliyelala majini."

Aliangalia kile kioo kwa makini, akakigusa kwa ncha ya kidole. "Hiyo ramani ilikuja lini? Ilikuja masika?"

Mjomba akacheka. Mimi nilikuwa karibu kulia, na sioni aibu kusema. Niliondoka nikaenda kwenye ncha ya kisiwa iliyoelekea kwetu, nikawasha simu, nikaiinua mpaka mtandao wa nyumbani ukaikamata, nikampigia msimamizi wangu. Nikamweleza yote kwa mkupuo: kisiwa, dungu, nyani, umri, miaka yote hii. Alinisikiliza. Ni mtu mpole, mwalimu mwenzangu wa zamani.

"Alikuwa anafanya nini huko usiku?" akauliza.

"Analinda mazao."

"Na mlinzi wa benki aliyekesha zamuni unamhesabu wapi?"

Hilo nililijua. Tulifundishwa siku ya tatu ya mafunzo, na mtihani niliupata vizuri. Mlinzi, mvuvi, muuguzi wa zamu, wote wanahesabiwa nyumbani kwao.

"Nyumbani kwake," nikasema.

"Sasa unalia nini? Hakikisha tu hajahesabiwa kwingine."

"Huyu?" nikasema. "Huyu hajahesabiwa popote."

Nikarudi mkekani. Nikaongeza mtu mmoja kwenye kaya ya Mjomba. Jinsi, mwanamke. Mahali alipozaliwa: akaelekeza kidevu kusini, kama anaonyesha jiko la jirani. Umri.

"Andika wa kutosha."

"Kinataka namba, Bibi. Hakijui kutosha ni ngapi."

Tukatafuta. Vita vilipoanza alikuwa ametoka unyagoni siku si nyingi. Tukapata namba, akaikubali kwa shingo upande. Tukaenda hivyo, swali kwa swali, naye anajibu akiwa amenyoosha mgongo, anajibu vizuri, kama aliyejiandaa. Kisha tukafika kwenye watoto. Swali linataka watoto wote ambao mwanamke amewazaa hai, halafu wangapi wapo, wangapi wamefariki. Sikuuliza. Nilijua jibu. Mama yangu kifungua mimba, mama mdogo wangu, na wajomba wawili, huyu mmojawapo, ameshalala kwenye kivuli cha mahindi. Nikabonyeza nne.

"Umeandika nini hapo?" akauliza Bibi.

"Watoto. Wanne."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nawajua, Bibi."

"Niulize."

Nikamwuliza, kwa maneno ya dodoso, kama ninavyomwuliza mtu baki.

"Watano," akasema.

Nilidhani umri umemchanganya. Lakini alikuwa ananitazama moja kwa moja, na hakuna mtu niliyewahi kumwona mwenye akili zilizotulia vile. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akitaja namba ya watu.

"Tulivuka kwenye maji mengi," akasema. "Babu yako alikuwa bado msituni na wapiganaji. Mimi nilikuwa na ntoto mgongoni, wa kiume, hajaanza kukaa. Mtumbwi ukatushusha kisiwani, maana doria zilikuwa zinapita. Tukajificha kwenye matete siku mbili. Alikuwa na homa. Sikuweza kumwacha alie, nikawa nambana hapa." Akaonyesha kifua, juu ya kile kitenge. "Siku ya pili hakulia tena. Nikachimba kwa bakuli la bati. Nto ulikuwa karibu, nikachimba haraka."

Nilitazama ile ardhi nyeusi kati yetu. Akanisoma.

"Si hapa. Kisiwa kile kilikwisha kwenda. Kilikuwa pale." Akaelekeza kidevu kwenye maji yanayopita. "Lakini nchanga ni ule ule. Nto unaula, unautapika. Kila kikitokea nakuja nakaa naye mpaka mahindi yaive. Wao wanasema Bibi anapenda kulinda."

"Mbona hukutuambia?"

"Babu yako alijua, hakutaka nimtaje yule ntoto. Nyinyi mlikuwa mkiniuliza wangapi huku mnacheka." Hakusema kwa lawama. "Ningesema wanne, ningekuwa nimentupa. Ningesema watano, mngeuliza wa tano yuko wapi. Basi wapo wa kutosha."

Hapo nilivua kizibao cha serikali nikajifutia uso, maana leso sikuwa nayo. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumwokoa asisahauliwe, kumbe miaka yote yeye ndiye aliyekuwa zamuni. Na mimi mjukuu wake, msomi, nilikuwa nimebonyeza nne bila hata kuuliza, kwa sababu namjua.

Nikarudi nyuma kwenye kishikwambi, nikafuta, nikabonyeza tano. Waliopo, wanne. Waliofariki, mmoja. Kikakubali bila ubishi.

"Umemwandika?"

"Nimemwandika."

"Na jina?"

"Hapaombwi jina, Bibi. La waliofariki hawaombi."

Akafunua sahani ya ming'oko akanisogezea. "Basi jina nakupa wewe," akasema, akainama akaninong'oneza. Kwetu jina la marehemu halitupwi; huitwa tena kwenye mtoto mwingine, likaendelea kutembea. Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kuitwa jina lile. Tukala. Mjomba alipoamka alikuta ming'oko imekwisha, akanuna.

Kazi ya sensa ina kiapo cha siri, nami nilikula kiapo. Mama nilimwambia baada ya Bibi kuniruhusu. Akasema, "Kumbe nina kaka," akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Na haya ninayoyaandika, Bibi mwenyewe ndiye aliyesema niyaandike. Alichonikataza ni kimoja. "Ya kwetu sema," aliniambia. "Majina yaache yapumzike."

Idadi ya taifa ilipotangazwa redioni nilikuwa nyumbani kwake. Ilikuwa namba ndefu, mamilioni na maelfu na mamia, na mtangazaji aliisoma mara mbili. Mjomba akapiga mluzi. Bibi hakuonekana kushangaa. Alikuwa anapepeta mchele, akangoja mpaka redio ilipoanza muziki.

"Na mimi nimo humo?"

"Umo, Bibi."

"Na yule?"

Ningeweza kumdanganya. Ni mzee, asingejua. Lakini kwa Bibi yangu uongo wa makaratasi haupiti. "Kwenye hiyo namba hayumo," nikasema. "Hiyo ni ya walio hai. Lakini kwenye fomu yako yumo. Palipoandikwa waliofariki, yupo mmoja."

Aliweka ungo magotini. Mistari ya mashavuni ikasogea, kisha ikatulia.

"Basi tuliovuka tumehesabiwa," akasema. "Wote wawili."